Bibi hayupo, na Desemba ya Mwika imebaki nyama na spika. Kwenu mnafanyaje?

Mpikamtori

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye koo kubwa, hasa nyie ambao nyumbani ni kijijini na watoto mmewazalia mjini.

Kwetu ni Mwika, Kilimanjaro. Unapandisha kutoka Himo, ukifika Marangu Mtoni unashika kulia kama mtu wa Rombo. Mimi naishi Kimara, nina duka la vifaa vya umeme. Nilipokuwa mdogo Desemba haikuwa na mjadala. Shule zikifungwa tunapakiwa kwenye basi alfajiri, Chalinze, Mombo, Same, na tukifika Himo tu baba anavaa koti hata kama jua linachoma. Anasema hewa ya nyumbani ameshaisikia.

Bibi ndiye alikuwa ratiba. Kamati haikuwepo, wala mchango. Mkishusha mizigo kila mtoto ana la kufanya: wewe kakate majani ya ng'ombe, wewe kaa umenye ndizi mchare za mtori, wewe panda kwa mama mkubwa kule juu ya mfereji ukamwambie wa Dar wamefika. Ukoo wote tuliujua kwa kutumwa, maana kila nyumba unayoingia unaulizwa wewe ni wa nani, na hutoki mpaka umejibu. Krismasi baada ya ibada mbuzi anachinjwa, na kila kiungo kina mwenyewe. Kama kuna ndugu hawasalimiani, Bibi anamtuma mmoja kwa mwenzake na jani la sale. Na ukiletewa sale hukatai, labda uwe umeamua kuuhama ukoo. Nilimwona baba yangu na mdogo wake, watu wazima wenye mvi, wakipatana hivyo baada ya kugombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, halafu wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata moja.

Bibi alifariki 2017. Miaka ya mwanzo tulikwenda kwa uchungu wa msiba. Sasa tunakwenda kwa nguvu ya kamati. Kundi la WhatsApp linaanza kelele mwezi wa tisa: laki moja kila kaya, fulana zenye jina la ukoo, turubai, viti vya kukodi, mpishi wa Himo, mshereheshaji, muziki. Sherehe yenyewe nzuri, sikatai, picha zinapendeza. Lakini vijana wanakaa kwenye magari na simu zao. Wazee wanakaa upande wa kahawa, hawasikilizani kwa sababu ya spika. Sisi wa katikati tunahesabu nani hajalipa.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, akaninong'oneza: "Shangazi, yule babu wa kofia ni nani?" Yule ni mdogo wake babu yetu, ndiye pekee aliyebaki wa rika lile. Wamelala boma moja tangu mkesha, wamekula sufuria moja, na mtoto hamjui.

Sasa kuna wanaotaka tuhamishie hotelini Bagamoyo, wanasema ni karibu na watoto watapata bwawa la kuogelea. Ndugu yetu wa Toronto anataka tufanye kwa Zoom. Mwaka huu uenyekiti umeniangukia mimi. Sitaki kurudisha enzi za Bibi, najua haziwezekani. Ninachotaka ni watu waondoke pale wakiwa wanajuana. Nyie mnafanyaje?

Konda Mstaafu

Dada, mtanisamehe mimi si Mchaga, lakini nimewapandisha sana miaka yangu ya kazini. Siku zote mlikuwa mnasema mnakwenda kuhesabiwa. Sasa mnakwenda kuhesabiwa na nani kama mwenye kuhesabu keshafariki?

Hesabu nauli ya baba, mama na watoto watatu, kwenda na kurudi, Desemba ambayo mnajua wenyewe tiketi zinavyopatikana. Jumlisha hiyo laki, jumlisha fulana. Hiyo ni ada ya muhula. Nendeni Bagamoyo, mle samaki, mjuane.

Mpikamtori

Konda, hilo la kuhesabiwa umenichoma kweli. Lakini makaburi yako kihambani, Bibi na Babu wako pale chini ya migomba. Bagamoyo nitamwonyesha mtoto kitu gani nimwambie hapa ndipo ulipotoka?

Dogo wa Tabata

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme kwa niaba ya tunaokaa kwenye magari.

Kwetu ni Kibosho, hadithi ni hiyohiyo. Tunakaa kwenye gari kwa sababu tukitoka tunaitwa kwa mambo mawili tu. La kwanza, "kalete soda." La pili, "we mbona huoi?" Dada yangu ana shahada ya pili, mwaka jana kaulizwa habari za mchumba na watu ambao jina lake hawalikumbuki. Halafu mnaanza Kichaga, mnacheka, tukiuliza mmesema nini mnatuambia "nyie watoto wa Dar mmepotea." Sasa aliyetupoteza nani? Kichaga hakiuzwi Kariakoo, wakubwa.

Nitawaambia siku niliyowajua binamu zangu. Treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019, baba na ndugu zake walituweka wajukuu wote behewa moja na shangazi mmoja wa kutuangalia. Safari ndefu ile, usiku mzima unakwenda, hakuna mtandao sehemu kubwa, simu zinaisha chaji. Tulicheza karata, tukagawana mayai, shangazi akatusimulia jinsi baba zetu walivyoiba kahawa ya babu wakauza wapate hela ya mpira. Mambo ambayo baba hawezi kuyasema mwenyewe hata umlipe. Tulipofika Moshi tulikuwa kundi. Sherehe yenyewe siikumbuki, naikumbuka treni.

Kwa hiyo shangazi, ukiniuliza mimi, hiyo hela ya mshereheshaji tafuteni namna ya kuwasafirisha watoto pamoja. Na msituulize ndoa.

Mama Kilema

Marahaba mwanangu Dogo, umesema. Na wewe Mpikamtori pole na uenyekiti, nimeupitia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Kilema, kwenye misheni ambako mapadre walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Nakaa huku mwaka mzima, kwa hiyo naiona Desemba kwa upande wa mwenye nyumba, upande ambao kamati za Dar es Salaam huwa hamuuoni. Niruhusu niseme kwa urefu.

Kitu kilichoondoka na Bibi yako ni kazi, ndivyo ninavyoona mimi. Umeeleza mwenyewe bila kujua: kata majani, menya mchare, panda kwa mama mkubwa. Mlipoajiri mpishi wa Himo mliwanyang'anya watoto kazi zote kwa mpigo mmoja, wakabaki wageni. Na mgeni hukaa kwenye kiti cha kukodi akasubiri sahani, wala hana kosa. Sisi mpishi tulimwachisha. Kamati ilipiga kelele, wakwe wa mjini walilalamika moshi, na mwaka wa kwanza tulikula saa kumi jioni. Lakini watu walikuwa jikoni.

Mfano mmoja ambao kwetu umefanya kazi ni mbege. Watu wanadhani mbege ni ya kunywa tu. Mbege ni wiki nzima hivi ya watu kukaa pamoja. Ndizi zinavundikwa ziive, zinachemshwa mpaka zigeuke rangi, zinaachwa zichachuke siku kadhaa. Huku ulezi umelowekwa, umeota, umeanikwa, umesagwa, unapikwa uji, ndipo vinachanganywa, na magome ya msesewa kwa wanaopenda ukali. Haiharakishwi hata uwe na hela. Basi tuliamua mbege ya Krismasi itapikwa na wajukuu, chini ya bibi mmoja jirani ambaye ndiye fundi. Maana yake wajukuu lazima wafike mapema, shule zikishafungwa, kabla ya wazazi wao wenye kazi. Hizo siku za mwanzo ambazo boma lina watoto na wazee tu, bila wazazi wa kujibu maswali kwa niaba yao, ndizo zimetusaidia kuliko sikukuu yenyewe. Wajukuu wangu wawili ni walokole, hawaigusi, lakini ulezi wanauanika. Anayekunywa na asiyekunywa wote wana la kufanya.

La nyama. Sitakwambia kwetu nani anapewa kidari na nani anapewa shingo, kwa sababu kila ukoo na utaratibu wake, na wa Vunjo na wa Machame hawagawi sawa. Mwulizeni huyo babu wa kofia. Nasema kweli: mwiteni, mpeni kiti karibu na mbuzi, si kule kwenye kahawa. Huyo mtoto wa kidato cha pili asimame naye aite majina, "hii ya nani, na kwa nini." Babu akieleza kwa nini kiungo fulani ni cha fulani, amekwisha kueleza ukoo mzima, nani alizaliwa na nani, nani alihamia kutoka wapi, nani hakuzaa akalea watoto wa ndugu yake. Fanyeni upesi. Mzee wa rika hilo hamtakuwa naye kila Desemba.

Na sasa jambo ambalo pengine halitakufurahisha. Nani anabaki boma pale mkishaondoka? Kwa desturi yetu nyumba ya wazazi humwangukia kitinda mimba, kwa hiyo nakisia ni baba yako mdogo na mkewe. Je, huyo mama yumo kwenye kamati? Kwetu hakuwemo. Alikuwa anapokea magodoro, anachota maji, anafua mashuka ya watu wa mijini mpaka katikati ya Januari, na deni la dukani ni lake, kwa sababu sukari na mafuta ya taa yaliyoisha kabla nyie hamjafika hayakuwa kwenye bajeti. Alipokuja kusema, alisema kwa kununa, na watu wakasema ana roho mbaya. Ukitaka mkutano wa ukoo ufe haraka, mchoshe mwenye nyumba.

Sisi sasa mweka hazina ni yeye. Hela inatumwa kwa simu kwake moja kwa moja kuanzia Oktoba, ananunua kidogokidogo, na ana haki ya kukataa. Mwaka mmoja alikataa turubai, akasema mvua za vuli zimeshakata, kaeni chini ya miti. Tulikaa.

Mpikamtori

Mama, asante sana. Aika mbe. Umekisia sawasawa, ni baba mdogo na mkewe, na hapana, mama mdogo hayumo hata kwenye lile kundi, simu yake ni ya kitochi. Nimempigia jioni hii kumwuliza anaonaje mwaka huu. Kwanza alinyamaza, akadhani nimekosea namba. Halafu alizungumza mpaka salio langu likakata, nikaongeza, akaendelea.

Kuna kitu kingine kimejitokeza humohumo. Anasema sisi mabinti ndio tunaochanga zaidi na kuosha vyombo, lakini ule mkutano wa ukoo wa tarehe 26, wa mambo ya kihamba, wanakaa wanaume. Ni kweli, sijawahi kukaa. Mwenyekiti wa sherehe ni mimi na mkutanoni napitisha chai. Nikigusa hilo nitaonekana nimekuja kudai shamba.

Mama Kilema

Liguse, lakini kwa akili. Vihamba vyenyewe vimekatwa vikakatwa, vingine havifiki hata ekari, sioni mtu mwenye akili anagombea kukatiwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, hilo wanalijua, na ndiyo maana wanaogopa ukitaja. Usianze na sheria. Anza na makaburi: nani anayatunza, nani analipia saruji, nani atazikwa wapi. Hapo kila mtu ana neno, na mabinti wasioolewa au walioachika wana neno kubwa kuliko wote. Kwetu ndipo mlango ulipofunguka. Kaka zangu hawakuweza kutueleza kwa nini mchango wa kaburi ni wetu na mazungumzo ya kaburi ni yao.

Na vijana waliofikisha miaka kumi na minane wakae pia. Dogo, ukipewa kiti mkutanoni utatoka kwenye gari?

Dogo wa Tabata

Kama nina kura, natoka. Kama ni kusikiliza tu, nabaki na chaji yangu.

Mwana wa Amu

Waungwana, salaam. Nimepita tu, nikaona niseme yetu ya Lamu.

Sisi hatuna Desemba, tuna Maulidi. Watu wa Lamu walio Mombasa, Nairobi, hata Uarabuni, hurudi Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, kwa ajili ya Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Faida yake ni kwamba hatukuiandaa sisi. Mji mzima unasherehekea, kuna mashindano ya punda na ya majahazi, kuna kisomo, na jamaa zetu wanajikuta nyumbani bila mtu kuitisha kikao. Shida yake ni kwamba mwezi hauijui kalenda ya shule. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kuna miaka watoto wako kwenye mitihani, wanabaki Mombasa na mama zao.

Tulichofanya nyumbani kwetu ni hiki: wasioweza kuja Maulidi wana deni la kuja Idi. Si lazima wote, na si lazima pamoja. Zamani tulikasirika nyumba isipojaa. Siku hizi bibi yetu mwenyewe amesema anapenda wajukuu waje kwa mafungu, kwa sababu wakija wote hawamsikii. Akija mjukuu mmoja au wawili, wanakaa naye barazani mpaka Alasiri, anawataja waliokuwa kwenye nyumba ile mmojammoja, na binti ya dada yangu anamrekodi kwa simu. Kaanza na majina, sasa yuko kwenye kesi za miaka ya sitini ambazo wengine wetu tungependa zisirekodiwe. Lakini nani atamnyamazisha?

Kwa hiyo dada wa Mwika, usione ni lazima siku moja ibebe kila kitu.

Konda Mstaafu

Haya, nimesoma yote. Nabadilisha kidogo. Bagamoyo niliyosema mimi ni kwa sababu sisi kijiji hatuna tena. Shamba la Kisarawe liliuzwa baba alipougua, kila mtu akaenda kivyake, na sasa tunakutana kwa misiba tu. Kwenye misiba ndiyo watoto wetu wanaulizana "wewe ni wa nani." Kwa hiyo kama nyie mna pa kwenda, nendeni. Ila fulana mpunguze bwana.

Mpikamtori

Pole sana Konda. Kumbe.

Kamati inakutana Jumapili hii kwangu Kimara. Nimeandika ya kupeleka: mama mdogo ashike hela, mpishi asije, wajukuu watangulie na shangazi mmoja mara shule zikifungwa (kaka zangu wawili wameshagoma, wanasema watoto watakuwa na tuisheni, tutaona), babu wa kofia agawe nyama. Wa Toronto hatutamwekea Zoom ya sherehe, maana ataona migongo ya watu na kusikia muziki. Atapigiwa simu ya video tukiwa makaburini, aongee na babu, na ndizi za mbege anunue yeye, ana dola. Mkutano wa tarehe 26 nitaingia na chai yangu, nikishaiweka mezani nakaa. Wakiniuliza nitasema nasubiri vikombe.

Spika bado ni vita. Mshereheshaji ni shemeji, na ameshalipwa nusu.

Mama Kilema, swali la mwisho: ulezi nibebe wa Dar au upo huko?

Mama Kilema

Usibebe wa Dar, hujui umekaa ghalani muda gani, na mkuukuu hauoti. Mwambie mama mdogo anunue Mwika sokoni siku ya gulio, aonje punje kabla ya kulipa. Kwa boma la watu wengi asinunue chini ya debe moja, na aloweke mapema, kukiwa na mawingu huko kwenu kimea kinachelewa kukauka. Shemeji mwambie ile nusu aliyolipwa ni ya kuongoza sala ya chakula.